Kapu la Matumbo Katika Tangi la Shule

Moa, Tanga

Mke wangu Mama Khadija,

Assalaam alaykum. Goti lako limepoa? Na mjukuu wetu ameacha kukohoa? Mimi sijambo, ila mikono imechubuka, na sababu yake nakueleza.

Lile tangi la saruji nililojenga hapa na watoto wa shule lina perege. Kinyesi cha samaki hao huchafua maji. Maji hayo tunayachota kwa ndoo na kuyamwaga katika mapipa ya kokoto tulimootesha mchicha. Kwenye kokoto wamo vijidudu wasioonekana, wanaougeuza uchafu kuwa mbolea. Mchicha unakula, maji yanarudi tangini yakiwa safi. Pampu tunayo, lakini dizeli haionekani, hivyo pampu ni watoto wenyewe. Madukani sabuni na kanga zimerudi baada ya ule uhaba, ila wazazi wengi hawana cha kununulia, na ugali wa mchana shuleni hauna kitoweo. Kuupatia kitoweo ndiyo kazi ya tangi.

Wiki iliyopita Hamadi, mvuvi na mjumbe wa kamati ya shule, alichungulia akacheka. "Maalim, samaki unawalisha pumba kama kuku. Watanenepa lini?"

"Polepole, Hamadi."

"Polepole ya kwenu Pemba hiyo."

Nilipokwenda Tanga mjini kutafuta bomba, akaleta kapu zima la matumbo ya samaki, akalimwaga tangini. Kwa mvuvi huo ni ukarimu. Niliporudi asubuhi, maji yananuka, perege wako juu juu wanatweta, wengine wameshakufa. Chakula kinachobaki huoza, na kuoza huko humaliza hewa iliyo ndani ya maji.

Kamati ikakaa mara moja. Wengi walitaka tangi lifukiwe. Mwalimu mkuu, binti wa Kibondei, akaniuliza, "Babu, watapona?"

"Maji yakichotwa kutwa nzima bila kusimama, watapona."

Tukawapanga watoto mstari. Kila ndoo tuliimwaga tena tangini kutoka juu ya meza, ili maji yakianguka yabebe hewa. Nami nikashika ndoo. Hamadi alisimama mbali, kisha akakunja suruali, akaingia tangini, akaanza kuzoa matumbo kwa mikono.

Mama mmoja akamwambia, "Hamadi, bahari imekunyima mpaka unavua shuleni?"

"Nipe kapu, wewe," akajibu, akaendelea kuzoa.

Zaidi ya nusu wamepona. Hamadi sasa ana zamu ya jioni, na jana nilimsikia akimfokea jirani aliyekuja na mkate mkavu: "Pumba tu, tena kiganja kimoja! Unataka kuwaua?"

Lakini kamati imetupa muda mpaka shule ifungwe. Watoto wasipopata kitoweo kutoka tangini kabla ya hapo, linafukiwa. Nilikuahidi kuja Idi, na najua umeshawaambia watu. Sitakuja. Hawa samaki bado ni dhaifu, na walezi wao ndio kwanza wanajifunza. Nikiondoka sasa, nitarudi kukuta kifusi. Kasirika, ni haki yako, ila usidhani nimesahau njia ya nyumbani.

Nisalimie Khadija wetu na mumewe fundi cherehani, kaka yako mwenye shamba la karafuu, na shangazi anayekusaidia kuteka maji. Wote waambie wewe mwenyewe, wasisikie kwa wengine: tiketi ya meli nimeirudisha leo.

Mumeo akupendaye,
Maalim Juma