Usikate Sehemu ya Maharagi

Mupendwa Papa Nsimire,

Unisamehe kuchelewa kukujibu. Barua yako ilifika na mvua za kwanza, nikaiweka chini ya mto. Huyu wetu mudogo anaota meno, mikono yangu yote iko kwake.

Unasema profesa wako huko Ulaya anataka ubakishe sehemu ya damu peke yake mu kitabu cha masomo unachoandika, utupe maneno ya mashamba na ya wamama, sababu hiyo haiko kazi ya daktari. Ukikubali, utarudi mbele ya Noeli. Ukikataa, ni mwaka mwingine.

Nikakumbuka kazi yenu kule kijijini Katana. Wewe na sindano zako Jumatatu, agronome, yule fundi wa mashamba, na udongo wake Jumatano, yule wa kuuliza watu maswali ya maisha yao Ijumaa, mulango ni ule ule. Mimi ninawatafsiria Mashi, luga ya wenyeji, sababu wewe Mulega hukuisikia hata kidogo. Mama Faida, mutoto wake akiwa na bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula, miguu imevimba, akasimama mulangoni, akakuambia wewe daktari: "Citoyen docteur, muko sawa na wake watatu wa bwana mumoja, kila mutu na chungu yake. Huyu mutoto atakula kwa nani?"

Ulicheka kidogo, halafu tulipofika Bukavu ukawatafuta wale wenzako wawili.

Kisha mukaanza kwenda pamoja. Haikuwa rahisi. Mukisema "njaa," kila mutu alikuwa na njaa yake. Agronome alifunga mizigo mara mbili. Damu uliyopima ilisema mutoto anakosa maharagi. Shamba likasema maharagi iko. Ndipo yule wa maswali akauliza yanaenda wapi.

"Soko," Mama Faida akajibu. "Chumvi unafikiri inaota?"

Wote mulikuwa mumesema kweli, na mutoto alikuwa anavimba.

Nimechoka, bwana yangu. Hapa nyumbani Cimpunda, mutoto wetu Nsimire anaita papa kila mwanaume mwenye miwani sawa na yako. Ninataka urudi. Lakini ukirudi na damu tu, daktari atakayekusoma atawaambia wale wamama, "Muwape watoto maharagi," nao watafunga mulango, na watakuwa na haki. Usikate. Huo mwaka nitaubeba.

Unitumie viatu vya Nsimire, mguu wake nimeuchora huku nyuma ya barua. Flaneli moja ya mudogo. Uzi mweusi. Picha yako, kusudi wenye miwani wapumue. Na kitabu kikiisha, kifike na maharagi yake ndani.

Bibi yako,
Mama Nsimire