Shati Lako Kanisani

Kaka Olivier,

Huku kambini Dzaleka mvua imeanza, Mama anapanda mahindi. Tunawaza tu operesheni yako huko Lilongwe, kama watakuachia mguu.

Jumapili mchungaji alisema tuinue nguo za wagonjwa, ziombewe. Nilisikia haya kusimama na shati lako mkononi, nikalivaa. Bamama bakaniwekea mikono, bakalia: "Yesu, ponyesha huyu!" Nikawa kama naelea ziwani, woga wote ukaniishia.

Mama akacheka: "We mwenye miguu mizima ndo bamekuombea!"

Mi sikucheka. Kama maombi yanafikaga kweli, basi yako yamebaki kwangu. Kesho jirani yetu Mamy anakuletea shati. Sijalifua. Ulivae kwanza, ndo bakupasue.

Mdogo wako anayekuwaza,
Merveille