Majani Waliyong'oa Siku ya Kumaliza Kilio Chako

Mama,

Nakuandikia huku nasimama-simama, kila mara natoka kuangalia mawingu. Mvula inakuja tena upande wa ziwa.

Siku ya kumaliza kilio chako, majirani walitaka kukuheshimu. Walikuja na majembe, wakafagia parsele yetu, kiwanja chote, wakang'oa bingobingo zako zote, yale majani marefu yanayoshika udongo kwenye muteremuko, ili wageni wakute pasafi. Niliwapigia kelele. Mama Feza wa nyumba ya juu akanikumbatia: "Lia tu, mwanangu." Alifikiri ni uchungu wa kilio! Walikuwa wanakupenda, Mama, njo maana nilishindwa kuwafukuza.

Mvula ya kwanza ikachukua jiko. Iliyofuata ikachimba korongo mpaka chini ya dirisha la Papa. Naye unamujua: miguu imevimba, hatembei tena, na kuhama hataki. "Mama yenu nilimuleta hapa," anasema, anageukia ukuta. Kichwa ngumu! Namukasirikia mpaka nalia.

Ulikuwa unanipelekaga kando ya muto Lukuga kukata matete. Penye matete, maji yanapita polepole na udongo unabaki. Penye watu walikata kwa pupa, ukingo umeanguka. "Hayapigani na maji," ulikuwa unasemaga, "yanashikana tu huko chini." Basi nimetafuta miche ya bingobingo, nimepanda upya. Mama Feza alinicheka weee, mpaka siku choo chake kilipoteremuka na mulango wake. Sasa naye anapanda, na jirani wa chini ameanza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini shefu wa kartie ametangaza: kesho Jumamosi, kwenye salongo, ile kazi ya usafi ya mutaa muzima, nyasi zote zing'olewe, eti zinafuga nyoka na mbu. Nimemueleza habari ya korongo. "Sitwayeni," akaniita kama serikali inavyoita raia, "usafi ni usafi." Na mizizi bado michanga, hata mutoto akivuta inatoka. Naogopa, Mama.

Mama Feza amesema atakuja na kiti chake na sufuria ya mboga ya sombe, akae juu ya mustari wake wa miche mpaka salongo iishe. Mimi nitakaa kwenye ule wa chini ya dirisha la Papa. Wakitaka kung'oa, waanze na sisi.

Pumzika, Mama. Nakuahidi: siku Papa atatoka katika nyumba hii, atabebwa na watu, kama wewe ulivyobebwa, hatabebwa na maji.

Mwana wako,
Riziki