Ndizi za Plastiki Kibandani

Mpendwa Bibi Khamnoi,

Nisaidie, maana sikai nikatulia, mama mkwe wangu, Mae Bunruean, macho yamemfifia na magoti yamechoka, akaniachia mimi kazi ya kulisha kila asubuhi mizimu inayolinda nyumba yetu, wenye nyumba anavyowaita, kwenye kibanda chao kidogo uani, na mimi kazi yangu ni kufinyanga vyakula vidogo vya udongo wa plastiki, ule wa kuoka, basi nikaalikwa kambi ya sanaa huko milimani Chiang Dao, wiki nzima, nikaogopa kuomba ruhusa, nikadanganya kwamba naenda kumuuguza rafiki, na kibandani nikaacha wali wa kunata, yai, na ndizi nilizozikata kwenye mche mmoja mrefu wa udongo wa rangi, unaukata kama mkate na kila kipande kinatoka na mbegu zake, vyote vya udongo, niliporudi nikamkuta mama mkwe anaviinamia ameunganisha viganja, akaniambia, "Mwanangu, wenye nyumba safari hii wamekula taratibu sana," na tangu hapo nakanda udongo mpaka unanata vidoleni, naunguza kazi za watu ovenini, na sasa kambi inanitaka nikafundishe, natamani hadi naota, je, niende kimya kimya au niache kabisa?

Wilaiwan, Lampang

Wilaiwan mjukuu wangu,

Nimesomewa barua yako mara mbili, na mara zote nimetamani kukufinya. Udongo si kosa. Kibandani tunaweka tembo wa udongo na wacheza ngoma wa udongo, hakuna anayenung'unika. Lakini mcheza ngoma haliwi. Chakula kinaliwa.

Na unadhani hajui? Mwanamke aliyepika wali maisha yake yote, macho yamefifia, pua je? Wali wa moto unanukia hadi barabarani. Wako ulinuka oveni. Alipokwambia wamekula taratibu alikuwa anakufungulia mlango useme mwenyewe, wewe ukakimbilia kukanda udongo. Utatulia vipi?

Kambini nenda, tena ukafundishe vizuri, ndizi yenye mbegu zake si mchezo. Ila kesho pika wali wa kweli, mshike mzee mkono, mpeleke pamoja kibandani. Waombe radhi wenye nyumba kwa sauti, naye asikie. Ukiwa safarini mumeo alishe, ana mikono.

Kisha mpe Mae Bunruean ile ndizi yako aipapase. Atacheka, au atakurushia. Ikikupata, iokote ufungashe mzigo. Umeruhusiwa.