Nilikuacha Kwenye Laini

Dada Tekla mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo ungeninunia wiki nzima.

Leo tumeletewa wasichana wawili wapya pale kwenye swichibodi, kuunganisha simu. Mmoja, hata kiti hakijapata joto, kamwambia mtu kwenye simu, "Hang on!" Nikavua vile visikilizio vya masikioni nikaenda msalani kulia.

Unamkumbuka yule mama wa Kizungu aliyetufundisha kazi kabla ya uhuru? Neno hilo alilipiga marufuku. Alisema ni la vijiweni, halifai ofisini. Halafu Wazungu wenzake wakipiga simu ni hilo hilo tu midomoni! Wewe na udadisi wako ukaanza kuwauliza limetoka wapi. Mhasibu akasema kwa mabaharia, wanaoshikilia kamba bahari ikichafuka. Fundi simu akabisha, akasema limetokana na simu za zamani za ukutani. Wa tatu akasema maana yake ni kusubiri, au kung'ang'ania, au hata kumkatiza mtu kwa mshangao, na asili yake haijui na wala hana haja nayo. Jioni, nyumbani Temeke, ukipeta mchele uani, ukatoa hukumu.

"Hawa lugha yao wenyewe imewashinda. Ila mie nimeelewa. Ukimwambia mtu hivyo, umemning'iniza. Sasa usiende zako ukamsahau huko juu."

Agizo la kutumia Kiswahili maofisini lilipokuja, sisi wengine tulishika "subiri kidogo". Wewe ukaja na lako: "Usikate, nipo." Na kila baada ya muda ulirudi kwenye laini kumwambia tena mtu wako, hata kama huna jipya. Nilikucheka sana.

"Dada, unawabembeleza kama watoto wachanga."

"Wee ngoja siku uachwe wewe."

Kisha shemeji akajiandikisha kwenda kijiji cha ujamaa, huko mbele ya Nachingwea, ukamfuata. Uliniachia kitanda chako na kinu. Nyumba ina wapangaji sita, Tekla, na bado nilikuwa nakula peke yangu, nimegeukia ukuta.

Asubuhi ile uliponipigia kutoka posta ya Nachingwea, niliitambua sauti yako kabla hujajitaja.

"Mdogo wangu, nina jambo. Usinicheke."

Taa ya mkurugenzi ikawaka. Nikakuambia, "Hang on, dada." Kwa Kiingereza, kama vile sikujui. Mkurugenzi alitaka Arusha, halafu Dodoma, halafu Arusha tena. Nilipokukumbuka nilikuwa nimeshamaliza muhogo wangu wa mchana. Laini kimya. Nikajisemea, atapiga tena.

Barua ya shemeji ilinifikia akiwa ameshakuaga makaburini. Aliandika kwamba siku ile ulitaka kuniomba ulale kwangu, ili utibiwe huku Dar, maana uvimbe wa tumboni ulikuwa umeanza kukutesa. Ulitoka kijijini alfajiri kwa miguu. Karani wa posta alikuambia laini imekufa, ukamjibu, "Atarudi. Huyo nimemfundisha mie." Ukasimama na mkono wa simu sikioni mpaka wakafunga. Ulipofika nyumbani ukamwambia shemeji, "Mdogo wangu ana kazi nyingi siku hizi." Hukulalamika zaidi ya hapo. Afadhali ungenitukana.

Leo, nilipotoka msalani, nimewaketisha wale wasichana nikawafundisha maneno yako, na kurudi kwenye laini kila mara. Wamechekea viganjani. Sikuwakemea, na sababu sikuwaambia.

Kitanda chako kipo palepale karibu na dirisha. Nakitandika kila Jumamosi kisha nakaa pembeni yake, sijui nifanye nini tena. Kilikuwepo siku ile, dada. Nami nilikuwepo. Sikurudi tu.

Lala salama, Tekla.

Ni mimi, mdogo wako uliyemfundisha.