Niliandika ng'ombe, ikaleta kijani

Jumanne. Nje ni theluji nusu, maji nusu. Niko jikoni kwangu Hallunda, pembeni ya Stockholm, na kompyuta ya kozi. Sina raha.

Miaka kumi na nane nimebeba simiti hapa Stockholm. Mgongo ukakataa. Ofisi ya kazi ikanipeleka kozi ya kompyuta Kista, mimi mtu wa darasa la saba. Kesho asubuhi ni mwisho wa kutuma zoezi. Nikianguka, kozi imeisha, narudi mjengo. Na mgongo huu siwezi.

Zoezi ni hivi. Programu yangu inauliza hali ya hewa kwa kompyuta nyingine huko mbali. Jibu linachukua muda kufika. Halafu unaandika test, yaani majaribio, kwa JavaScript, lugha ya kompyuta, ziangalie kama jibu ni sawa. Kwenye test niliandika jibu liwe "mvua". Test zote sita, kijani, yaani zimepita. Wiki nzima nilitembea kama bosi.

Leo Akinyi, Mkenya mwenzangu darasani, akaangalia. "Mzee, hebu andika upuzi hapo tuone."

Nikaandika "ng'ombe".

Kijani.

Alicheka mpaka akashika meza. "Mzee wangu, hii test ni soja amelala getini! Hata ng'ombe anapita!"

Kumbe test ilikuwa inamaliza kabla jibu halijafika. Haikuangalia kitu. Akanionyesha neno la kuweka, await, ndio ingoje. Halafu akakimbilia treni, mtoto anamngoja.

Nimeweka await kila mahali. Nimerudisha "mvua". Zote sita nyekundu, zimeanguka. Jibu linakuja tupu. Yaani programu yenyewe haijawahi kufanya kazi hata siku moja.

Nimehangaika tangu nifike nyumbani. Sijui. Marehemu mke wangu ndiye alikuwa anasoma karatasi zote za nyumba hii. Mimi nilikuwa natia sahihi tu.

Niseme ukweli. Nilitoa await. Kijani ikarudi. Darasa limejaa watu, mwalimu ataangalia rangi tu.

Nikaitazama.

Mjengo, mbao zinazoshikilia slabu hazitolewi kabla simiti haijashika. Ukizitoa mapema, kwa macho iko safi. Nimeona moja ikishuka. Bahati hakukuwa na mtu chini.

Nikarudisha await. Nimetuma nyekundu, na chini nimeandika: nimeshindwa, nisaidie.

Mwalimu hajajibu. Buti za mjengo bado ziko pale mlangoni, sikuwahi kuzitupa.

Kesho nitavaa viatu gani?