Majina Uliyoyaandika

Issuna, 2 Septemba 1974

Mpendwa mdogo wangu Melkiori,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Sisi tunapumua, hofu ni kwako huko Dar es Salaam na shughuli za Bunge.

Jumamosi mgambo walikuja kutuhamishia kijiji kipya. Paulo, jirani yetu, aliomba siku mbili tu ahamishe uwele wake. Laurenti, kamanda wao, alimchapa fimbo mpaka jicho likapasuka, watoto wake wakiangalia, na baba yetu akiona yote. Kisha wakakata nguzo za tembe lake, paa la udongo likaangukia chakula chote. Kwetu wameahidi kurudi. Baba anasema hatoki mpaka wewe useme neno.

Tulikupigia kura kwa sababu ulipokuwa mwandishi wa gazeti hukuogopa mtu. Fanya uwezavyo mzee asipigwe.

Dada yako,
Leah

Dar es Salaam, 14 Septemba 1974

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na baba umpe shikamoo yake. Mimi ni mzima, na barua yako nimeipata.

Nimeiandikia ofisi ya wilaya kurasa nne kali. Nimemtaja Laurenti, nimemtaja Paulo na jicho lake, na baba nimemwandika kuwa shahidi aliyeona kwa macho yake. Miaka tisa gazetini mhariri wetu alitupilia mbali kila habari isiyo na majina, akisema huo ni umbea. Sasa hawawezi kukana. Vijiji ni jambo jema, dada. Wanaoliharibu ni wachache wenye fimbo. Mwambie baba asitoke mpaka jibu lije.

Mdogo wako,
Melkiori

Issuna, 9 Oktoba 1974

Mdogo wangu,

Salamu. Hali zetu ni mbaya, sitakudanganya.

Barua yako ilifika wilayani. Wilaya wakaishusha kwa katibu wa kata achunguze, na katibu akampa Laurenti, maana kamanda wa mgambo ni yeye. Alikuja nayo mkononi. Alitupanga uani akaita jina moja moja, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Paulo alipoitika walimvunja mkono wa kulia.

Kisha akauliza, "Shahidi ni nani hapa?"

Baba alivua kofia, akajibu kwa Kinyaturu kwamba ni yeye. Walimpiga marungu mbavuni mpaka akatapika damu. Wakamwamuru atoke uani aende kwenye lori, naye akarudi mlangoni akasema mwanawe amemwambia asitoke, akaingia ndani. Wakakata nguzo yeye akiwa mle ndani. Boriti ilimwangukia kiunoni, udongo ukamfunika. Tulimfukua kwa majembe na mikono.

Sasa yuko kijiji kipya chini ya turubai. Hatembei, anakojoa damu, na zahanati ni mwendo wa siku nzima.

Najua hukukusudia mabaya, lakini nina hasira nawe, Melkiori. Jina likitoka gazetini watu wengi wanalisoma, na mwenye rungu anayaogopa macho yao. Barua yako aliisoma mwenye rungu peke yake. Ulisoma sana, hilo lilikupitaje?

Dada yako,
Leah

Dar es Salaam, 20 Oktoba 1974

Dada,

Shikamoo. Sina la kujitetea. Nimelia, na kulia hakumponyi baba. Mpeni pole yangu, na Paulo pia, kama ataipokea.

Nilirudi kwenye gazeti langu la zamani. Mhariri wa sasa aliisoma habari hii yote, akanirudishia kwa heshima, akasema wakati wake bado. Basi imebaki Bunge. Tunakutana Jumanne, tarehe tano Novemba, nami nitasimama niseme. Wenzangu wameshanionya kwamba nikisema, chama kitanifukuza na ubunge utaishia hapo. Na uishe.

Safari hii lakini naomba ruhusa kwanza. Muulize baba kama nimtaje. Akikataa, nitameza.

Mdogo wako,
Melkiori

Issuna, 29 Oktoba 1974

Mdogo wangu Melkiori,

Salamu. Barua yako ilifika Ijumaa. Baba tulimzika Alhamisi.

Laurenti alikuja mazishini na mgambo wawili. Walisimama pembeni ya kaburi, wakiangalia nani analia sana. Tulilia kidogo.

Kwa hiyo sikumuuliza, na jibu nakupa mimi. Mtaje baba. Taja jina lake lote, taja marungu na ile boriti, taja na siku yenyewe. Yeye hawana tena la kumfanya.

Paulo usimtaje. Ana watoto sita na mkono mmoja tu mzima. Na mimi, mdogo wangu, usinitaje.

Dada yako